Bahari kwanza au mlima kwanza?

"Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, naishi Ujerumani na mume wangu na watoto wawili. Shule zikifungwa mwishoni mwa Julai tunakuja nyumbani kwa wiki tatu. Tumepanga kushukia Zanzibar, tukae siku tano baharini. Mwaka jana nilipata cheti cha kuzamia kwa mtungi, nilijifunzia ziwani huku, na nina hamu kubwa ya kuzama kwetu. Baada ya hapo tunaruka kwenda Moshi, na kesho yake mimi na binti yetu tunaanza kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ile ya siku tano. Tunamalizia Tanga kwa mama mkwe. Mimi nina miaka 42 na nakimbia kilomita kumi mara tatu kwa wiki. Binti ana 16, anacheza mpira wa kikapu. Mdogo wake ana 9 na analia kutwa kwamba naye anataka kufika kileleni. Mume wangu anasema mlima si mchezo. Mimi naona anaogopa tu. Rafiki yangu alinishauri tuanze na bahari ili mwili utoe uchovu wa safari. Je, siku tano zinatosha? Tunahitaji dawa? Na kijana tumpeleke?"

Marahaba mdogo wangu, na karibuni nyumbani. Umeuliza mambo matatu: siku, dawa na kijana. Yote nitayajibu, ila kuna la nne ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalonifanya nikuandikie kirefu. Ni mpangilio. Safari yenu ina kila kitu kizuri lakini imekaa kichwa chini miguu juu. Mlima utangulie, bahari ifuate. Ukibadilisha hilo tu, sehemu kubwa ya hatari inaondoka bila kukugharimu senti, na huyo mume, kwa taarifa yako, haogopi bure.

Nianze na mtungi. Unapozama, kila mita 10 za maji ya bahari zinakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya ufukwe. Ukiwa mita 20 chini, hewa unayovuta ina mgandamizo mara tatu ya ile uliyoiacha mashuani. Oksijeni mwili unaitumia. Nitrojeni mwili hauna kazi nayo, basi inayeyuka ndani ya damu, mafuta na viungo, ikakaa humo. Ukipanda juu polepole inatoka kupitia mapafu, lakini haiishi saa hiyo wala jioni hiyo. Sasa mtu mwenye nitrojeni hiyo mwilini akienda mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mdogo, hutokea kile kinachotokea ukifungua chupa ya soda. Mapovu. Yakikaa kwenye goti au bega ni maumivu. Yakikaa kwenye uti wa mgongo ni ganzi, hata kupooza.

Bila shaka mwalimu wako alikufundisha kanuni ya ndege: usipande kabla ya saa 12 kupita kama umezama mara moja tu na kwa kawaida, angalau saa 18 kama umezama mara kadhaa au siku mfululizo, na zaidi ya hapo kama ulilazimika kusimama njiani kutoa nitrojeni. Wazamiaji wengi wanaikariri kanuni hiyo kisha wanasahau kwamba mwili hautofautishi ndege na mlima. Ndani ya ndege ya abiria hewa huwekwa katika mgandamizo unaolingana na mwinuko wa mita 2,400 hivi kwa kiwango cha juu. Kituo cha Mandara, mtakapolala usiku wa kwanza, kiko mita 2,720. Kwa hiyo usiku wa kwanza tu mmeshavuka mwinuko ambao kanuni ile ilipangiwa, na asubuhi mnaendelea kupanda. Ukizama Jumatatu mchana, ukaruka Jumanne jioni, ukawa Mandara Jumatano, pengine hutapata neno. Mimi sipendi kumwachia mgonjwa "pengine" wakati kugeuza ratiba ni bure. Ukitoka mlimani kwenda baharini tatizo hilo halipo kabisa: kula, kunywa, lala siku mbili, kisha zama.

Sababu ya pili ni malaria, na hapa nitasema jambo ambalo ndugu zetu wa ughaibuni hawapendi kulisikia. Kinga uliyokua nayo umeshaipoteza. Mtu aliyelelewa kwenye malaria hujenga kinga ya kiasi kwa kuumwa tena na tena, na kinga hiyo hufifia akikaa nje kwa miaka. Watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo. Ninaona watu wakirudi likizo na kauli ya "malaria yetu tumeizoea", na hao ndio wanaozidiwa haraka. Malaria kali ya kwetu huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza. Unguja imepunguza ugonjwa huu sana, lakini haujakwisha. Ukiumwa na mbu usiku wa kwanza kisiwani, homa inaweza kukukuta Horombo, kituo cha usiku wa pili mlimani: kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili umelegea. Hizo hizo ndizo dalili za ugonjwa wa mlima, ule unaompata mtu anayepanda juu kabla mwili haujazoea. Mwongozaji atadhani ni mwinuko, atakushusha, na siku ya kuanza tiba ya malaria itakuwa imepotea.

Kwa hiyo anzeni dawa za kukinga malaria mkiwa bado Ujerumani, wote wanne, na mwambie daktari wa huko neno "mlima" na neno "kuzamia", kwa sababu si kila dawa inafaa. Meflokwini inaweza kuleta kizunguzungu na fadhaa, vitu ambavyo hutaki kuvibahatisha chini ya maji wala kwenye mita 4,700. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue upesi kwa jua, na ninyi mnakwenda sehemu mbili zenye jua kali kuliko zote. Weka na kipimajoto kwenye begi la mlimani. Ugonjwa wa mlima kwa kawaida hauleti homa kali, kwa hiyo joto la nyuzi 39 ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Rafiki yako ana hoja kuhusu uchovu, ila ameipa uzito usio wake. Kiangazi Ujerumani ipo nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo usingizi wenu hautavurugika kama wa mtu anayetoka Marekani. Kinachochosha ni kukaa kwenye kiti usiku kucha. Shukieni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, laleni Moshi usiku mbili, inatosha.

Sasa mlima wenyewe. Wengi hudhani kileleni oksijeni "imeisha". Hewa ya Uhuru, mita 5,895, ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya Forodhani. Kilichopungua ni mgandamizo, ambao ni kama nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza nusu ya oksijeni uliyozoea. Mwili unajibu kwa kuhema haraka. Kuhema huko kunatoa hewa chafu nyingi kuliko kawaida, damu inapoteza tindikali yake, na ubongo, ukiona hivyo, unakanyaga breki: unapunguza kuhema, hasa usingizini. Ndiyo maana watu hushtuka usiku wakidhani mwenzao ameacha kupumua. Figo ndizo zinazomaliza ugomvi huo kwa kutoa ziada kupitia mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Haiharakishwi na mazoezi. Moyo wako wa kilomita kumi utakusaidia kutochoka, lakini hauziambii figo chochote. Tena wakimbiaji wana kasoro yao: miguu haiwasumbui, basi wanakwenda mbio na kufika juu kabla mwili haujajipanga. Wapagazi wakikuimbia "pole pole", hawakutanii.

Tazama sasa hesabu ya Marangu. Lango liko karibu mita 1,900. Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ushauri unaokubalika katika tiba ya milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike mahali pamoja. Marangu ya siku tano inaruka mita 1,000 kila usiku, kisha usiku wa manane inakuongeza nyingine karibu 1,200 hadi kileleni. Toka langoni hadi Uhuru hazifiki saa 72. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, hazitoshi. Wapo wanaofika kwa siku tano, nami siwabishii. Wapo pia wengi wanaotapika Kibo na kugeuka, wakiwa wamelipa fedha zile zile.

Ongezeni siku ya sita, ya kulala Horombo mara mbili. Mchana wa siku hiyo mnatembea hadi kwenye mita 4,000 na kitu, kwenye miamba yenye milia kama ya punda milia, kisha mnarudi kulala chini. Kama mfuko unaruhusu, njia za Machame au Rongai kwa siku saba, au Lemosho kwa nane, zinaupa mwili nafasi bora zaidi. Machame hasa inakupandisha mchana hadi karibu mita 4,600 na kukushusha kulala Barranco chini ya mita 4,000, na mwili hupenda mtindo huo. Lakini huko mnalala kwenye mahema. Marangu ndiyo njia pekee yenye vyumba na vitanda, na kwa binti wa miaka 16 asiyezoea baridi hilo si jambo dogo. Mimi ningechagua Marangu ya siku sita kwa ajili yenu. Kampuni itakwambia siku tano ni kawaida. Kumbuka ada za hifadhi hutozwa kwa siku, kwa hiyo siku tano ni rahisi kuziuza. Na ada hizo hufuata uraia wa pasi mkononi, hata kama mtoto anaongea Kiswahili cha Tanga tupu. Uliza bei ya kila mmoja mapema.

Na kama kweli hamna zaidi ya siku tano? Basi acheni Kilimanjaro, mpande Meru. Nasema hivi bila kusita. Meru ina mita 4,562, hupandwa kwa siku tatu au nne, kuna vituo vya kulala Miriakamba na Saddle, na mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Alfajiri mtaiona Kilimanjaro mbele yenu. Ni mlima unaodharauliwa kwa kosa la kuwa jirani wa mkubwa.

Dawa. Asetazolamidi, ambayo wengi wanaijua kama Diamox, inasaidia kweli, na sasa unaweza kuelewa kwa nini: inazisukuma figo zifanye mapema kazi ile ile zitakayoifanya zenyewe. Haifichi ugonjwa, kama wengi wanavyoogopa. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima huwa miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitachonyota, utakojoa sana, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Kwa siku sita za Marangu ningependa wewe na binti muitumie, lakini aiandike daktari aliyewaona, hasa kama kuna mwenye mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo. Ijaribuni nyumbani siku mbili kabla ya safari. Kitunguu saumu na tangawizi hazina ubaya, kuleni, kinga hazitoi. Maji kunyweni mpaka mkojo uwe mweupe, si zaidi. Kujilazimisha lita nyingi kunapunguza chumvi mwilini, na hiyo nayo huleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu, mkabaki hamjui mnaumwa nini.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo kimoja ambacho madaktari wa Ulaya mara nyingi hawakifikirii kwa mpanda mlima: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende huko juu kabisa. Aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua, kisha juu ya mlima wengu likakosa damu na kuleta maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Wengi wao hupanda na kushuka salama, lakini ni vizuri kujua mapema, na mwongozaji ajue. Kipimo ni cha damu, kidogo tu. Ninyi wote wanne pimeni, maana ni jambo la ukoo. Na kama yeyote ana ugonjwa wa moyo, pumu isiyotulia au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aonane na daktari ana kwa ana kabla hamjalipia chochote.

Mkiwa juu, maumivu ya kichwa yakiambatana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kizunguzungu ni ugonjwa wa mlima hata kama una sababu nyingine nzuri ya kuueleza. Hapo msipande zaidi. Pumzikeni hapo hapo, yakizidi, shukeni. Hali mbili hazina mjadala wala kusubiri kuche. Ya kwanza ni mtu kuyumba: mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kwa kidole, na akishindwa au akianza kuongea ovyo, ubongo unavimba. Ya pili ni kukosa pumzi akiwa amekaa, kikohozi kinachozidi, pengine makohozi yenye povu la rangi ya waridi: mapafu yanajaa maji. Zote mbili zinaua, na tiba yake ya kwanza ni kushuka usiku huo huo, oksijeni ikiwepo apewe akishuka. Kabla ya kulipa, iulizeni kampuni: mtungi wa oksijeni mnao? Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni? Nani anaamua kumgeuza mteja, na mteja akikataa mnafanyaje? Jibu la swali hilo la mwisho litakwambia mengi. Chini, Moshi, kuna hospitali ya rufaa ya KCMC.

Kijana asiende kileleni. Kanuni za hifadhi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 10, na hata angekuwa na kumi na moja ningesita, kwa sababu watoto huumwa mlima kama sisi ila hawajui kusema. Mtoto anakuwa mkorofi tu na kususa chakula, mkadhani amechoka. Lakini asikose mlima kabisa. Siku mtakayoanza, yeye na baba yake wanaweza kwenda na mwongozaji wao hadi Mandara na kreta ya Maundi, warudi jioni. Siku zinazofuata waende Hifadhi ya Arusha kuona mbega, twiga na maziwa ya Momella, ambako hupigwa kasia kwenye mtumbwi. Nina hakika mumeo hatakataa kazi hiyo.

Mkishuka, msiruke. Piteni barabara ya Same, Mombo na Segera hadi Tanga. Ukitaka usiku wa baridi ya mwisho, kateni Mombo mpande Lushoto, mita 1,400 hivi, mtembee Usambara kwa miguu isiyo na haraka. Kisha kwa mama mkwe, na baada yake Unguja.

Kuhusu bahari, Agosti kusi bado linavuma. Upande wa mashariki wa kisiwa, Paje na Jambiani, upepo ni mwingi na mawimbi nje ya mwamba ni makubwa. Wewe uliyefundishwa ziwani hujakutana na mkondo, kwa hiyo kuzama kwa kwanza kuwe kwa kujikumbusha, upande wa magharibi karibu na Mji Mkongwe, na mwongozaji ajue hivyo. Kuogelea, Nungwi na Kendwa maji hayakimbii mbali yakipwa. Mafia iacheni safari hii kama mnaifuata kwa ajili ya papa potwe. Hao huanza kuonekana Oktoba. Nyangumi, kwa upande mwingine, ndio wakati wao wa kupita.

Mwezi unaweza kuwasaidia kote kuwili. Usiku wa kwenda kileleni ukiangukia mbalamwezi, mtaona njia bila kutegemea taa ya kichwani. Lakini mwezi mpevu huo huo huleta bamvua, maji yakipwa yanakwenda mbali mno na yakijaa yanakuja kwa nguvu. Mlima ukitangulia, kufika kwenu pwani wiki moja baadaye kunakutana na maji mafu, ambapo mikondo imetulia. Angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi.

Kuzama kwa mwisho kuwe angalau saa 24 kabla ya ndege ya kurudi. Ukisikia maumivu ya kiungo, ganzi, vipele vya ajabu au uchovu usioelezeka baada ya kuzama, usipande ndege hata kama tiketi haibadiliki: omba oksijeni, mwone daktari siku hiyo. Siku ya kujiandikisha na kampuni ya kuzamia, uliza chumba cha tiba ya mgandamizo kilicho karibu kiko wapi na kama bima yako inakilipia.

Dawa za malaria endeleeni nazo mkirudi, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Na homa yoyote ndani ya miezi mitatu, ya kwako au ya mtoto, mwambie daktari wa huko neno la kwanza kabisa kwamba mlikuwa Tanzania, apime malaria siku hiyo hiyo. Usikubali kupewa miadi ya wiki ijayo.